Chokaa ya Mudaka

Kamioneti ilikuwa ikitoka Mudaka, na Donatien, mtunza bustani wa mkubwa mmoja wa serikali, alikuwa akimlilia jirani yake wa kiti, Maman Colombe, mkulima wa maharagwe. Udongo wa bustani ulikuwa mkali, wenye asidi, na majani, zile nyasi za mapambo, yakageuka manjano. "Nikaweka chokaa ya kupaka ukuta, ikaunguza yote. Jumapili, dimanche hii, wageni wanakuja, nitafukuzwa. Majivu inafaa, maman?"

"Inafaa, lakini mvua inaibeba mbio. Chokaa ya shamba, ile ya mawe ya kusaga, ndiyo inakaa miaka. Agronome, bwana shamba wa serikali, alituahidi magunia makumi mbili. Tuko tunangoja mpaka leo."

Donatien aliyajua magunia hayo; yaliletwa kwa mkubwa. Ni yeye aliyeyamwaga kwenye majani ya mkubwa, yakatosha nusu ya bustani tu; nusu iliyobaki ndiyo aliyoiunguza kwa chokaa ya ukuta. Ndivyo Zaïre ilivyolimwa.

"Basi niuzie majivu ya jiko yako," alisema chini chini.

"Ile inalisha maharagwe, na maharagwe inalisha batoto. Majani ya mukubwa wako inalisha nani, citoyen? Hata mbuzi wanafukuzwa humo."

Kamioneti ikasimama Nyawera, mjini, Donatien akaanza kushuka. Maman Colombe akamshika bega. "Nitakuombea misa, papa, wasikufukuze."