Mwalimu Aliyeahidi Kutosoma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini na bosi yuko karibu, punguza sauti, lakini tafadhali usizime.

Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifundisha Kiingereza na stadi za uandishi chuoni kwa miaka thelathini na minne. Narudia, miaka thelathini na minne. Chuo kimoja, na kwa sehemu kubwa darasa lile lile la ghorofa ya pili, lenye dirisha lisilofunga vizuri. Alistaafu miaka minne iliyopita. Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, binti yake akiwa pembeni.

Wanafunzi walimwita Saa Mbili. Si mbele yake, jamani, nani angethubutu? Jina lilitokana na mlango. Ikifika saa mbili kamili asubuhi, mwalimu aliufunga mlango wa darasa kwa mkono wake mwenyewe. Ukichelewa dakika moja, umechelewa. Gonga, bembeleza, kohoa, haufunguliwi. Na ukifungiwa nje mara tano, jina lako linakatwa kwenye orodha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliisema siku ya kwanza akitabasamu, kama mtu anayewakaribisha chai.

Sasa, wanafunzi wake hawakuwa watu wa vitabu. Walikuwa mafundi umeme watarajiwa, wauguzi, makarani, wapishi wa hoteli. Walikuja kujifunza waya na sindano, wakakutana na insha. Walinuna! Mmoja alimuuliza waziwazi, "Mwalimu, waya ukiungua nitauandikia barua?"

Darasa zima likaangua kicheko. Naye akacheka. Kisha akamjibu, "Utaandika ripoti. Na anayeisoma asipokuelewa, ataushika."

Nimezungumza na mwenzake aliyekaa naye meza zinazotazamana kwa miaka ishirini, Mwalimu wa Hesabu, naye sasa amestaafu. Aliniambia hivi: "Sisi wengine tulikuwa tunasahihisha. Yeye alikuwa anajibu. Mtoto akiandika ukurasa mmoja, unarudi una maswali pembeni, juu mpaka chini. Nani? Lini? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Kalamu zilikuwa zinamwishia kama chumvi. Na wakati wote anawaambia, andika ukimfikiria mtu mmoja atakayesoma. Mmoja tu."

Shikeni hapo hapo, wasikilizaji, kwa sababu sasa nafika kwenye bahasha.

Siku ya kwanza ya kila mwaka wa masomo, kabla hajafundisha hata neno moja, mwalimu aligawa karatasi moja moja na bahasha. Akasema, "Andikeni kilichowaleta hapa na mnachokiogopa. Kwa lugha yoyote inayokuja. Kisha fungeni, andikeni jina juu. Sitasoma. Hakuna atakayesoma. Siku ya mahafali nitawarudishia mjione mlivyokuwa."

Aliamini kwamba mtu huandika ukweli pale tu asipoogopa kalamu ya mwalimu. Bahasha zikaingia kwenye sanduku, sanduku likaingia kabatini, kabati likafungwa. Alisema hatasoma, na hakusoma. Nasisitiza: hakusoma hata moja.

Lakini waambie hivyo wanafunzi! Mwalimu gani apewe maandishi asiyasome? Wa mwaka wa pili wakawa wanawanong'oneza wa mwaka wa kwanza: huyu mama anasoma zote, ndiyo maana anajua nani kagombana na nani na nani hajala. Ukweli ni kwamba alikuwa na macho na masikio, basi. Uvumi ukakua mpaka wengine wakaanza kumpelekea maombi humo ndani. Kuna mmoja aliomba kipindi kisogezwe mpaka saa tatu. Alikuja kuifungua bahasha yake siku ya mahafali, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Uvumi huo ulimfikia mwalimu. Je, aliukanusha? Binti yake amenieleza bila kuficha. "Mama alikuwa anacheka. Nilimwambia, Mama, waambie ukweli. Akanijibu, waache wewe, wakidhani najua mambo yao watakuwa na adabu."

Alipenda kudhaniwa hivyo. Nasema kwa heshima zote, wasikilizaji, maana yeye mwenyewe alikuja kulisema, tena bila kujitetea.

Miaka kumi na minane iliyopita aliingia darasani kwake msichana wa masomo ya ukarani. Mpole, mwandiko mzuri, mfuko wa kitambaa aliojishonea mwenyewe. Siku ya kwanza aliwahi, kama wote. Aliandika ukurasa wake, akaufunga, akaukabidhi. Siku ya pili akachelewa. Akafungiwa nje. Siku ya tatu, vivyo hivyo. Robo saa, kila siku robo saa. Hakugonga kwa nguvu. Aligonga mara moja, akasubiri, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi mpaka kipindi kiishe.

Mara ya tano ilipotimia, mwalimu alimkuta koridoni baada ya kipindi, wenzake wakiwa wanatoka. Akamwambia mbele yao, "Kiti hicho wapo wanaokihitaji kuliko wewe."

Yule msichana alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesubiri amalizie. Msichana akachukua mfuko wake, akashuka ngazi. Hakurudi tena.

Jina likakatwa. Maisha yakaendelea.

Miaka miwili baadaye, mahafali. Viti vya plastiki uwanjani, wazazi wamependeza, mwalimu kasimama na sanduku lake. Anaita jina, mtu anakuja, anapokea bahasha yake, makofi. Mwishoni ikabaki moja. Akaita jina mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Sauti ikatoka nyuma, "Mwalimu, huyo si ulimfukuza?"

Alikuwa amemsahau, wasikilizaji. Hata sura haikumjia.

Alikaa na ile bahasha wiki nzima bila kuifungua. Aliahidi kutosoma, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Lakini mwenyewe hayupo, na hakuna ajuaye aliko. Mwishowe akaifungua, akiwa kwenye chumba cha walimu, saa za mapumziko. Binti yake anao ukurasa huo, na kwa ruhusa ya aliyeuandika, nausoma.

"Mwalimu, umesema hutasoma, lakini dada zetu wa mwaka wa pili wameniambia unasoma, kwa hiyo nakuandikia wewe. Mama yangu amepooza upande mmoja. Kila asubuhi namwogesha na kumlisha mpaka jirani aje kukaa naye, na jirani huja saa mbili. Leo amewahi kwa kuwa nilimwomba, lakini kuanzia kesho nitachelewa robo saa kila siku. Naomba niingie kimyakimya nikae karibu na mlango. Naona aibu kulisema mbele za watu, kwa hiyo tusiliongee. Ukinikubalia, usiseme chochote. Uache tu mlango wazi."

Uache tu mlango wazi. Ndivyo alivyoandika.

Mwalimu wa Hesabu alikuwepo. Anasema: "Aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Kisha akanisukumia mezani. Nilipomaliza nikamwambia, dada yangu, wewe hukujua. Akaniangalia akasema, 'Yeye alijua kwamba najua. Na mimi ndiye niliyewaacha wadhani hivyo.' Nikamletea chai. Ikapoa. Nikamletea nyingine."

Tangu wiki ile mlango wa darasa lile haukufungwa tena. Waliomjua zamani walidhani mama amezeeka, amelegea. Wanafunzi wapya waliendelea kumwita Saa Mbili bila kujua kwa nini, kwa maana mtu aliingia saa mbili na nusu na hakuna aliyemtupia jicho. Karatasi za siku ya kwanza alizigawa kama kawaida, ila alianza kwa kusema, "Hizi nitazisoma leo hii hii, zote. Asiyetaka nisome, aandike kuhusu hali ya hewa." Na alizisoma.

Akaanza kumtafuta yule msichana. Alichukua anwani kutoka ofisi ya usajili, akaenda kwa miguu yake. Akakuta nyumba ina wapangaji wengine. Jirani akamwambia mama mgonjwa alishafariki, na binti alichukuliwa na ndugu zake, wapi, hajui. Basi mwalimu akawa mtu wa kutazama nyuso. Benki, hospitalini, sokoni, popote penye karani nyuma ya dirisha, alisimama kusoma kitambulisho kifuani.

"Nilikuwa naona wivu," binti yake aliniambia. "Siku moja nilimwambia, Mama, mimi mwanao niko hapa, nina shida zangu, mbona mimi hunitafuti? Akasema, 'Wewe mwanangu nikikukosea nitakuona jioni.' Nilikasirika. Leo ningetoa chochote nimsikie akinijibu hivyo tena."

Alimtafuta karani. Kosa lingine hilo, wasikilizaji, dogo lakini limenisumbua wiki nzima. Msichana aliyekatishwa masomo ya ukarani angekuwaje karani?

Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando, karibu na geti. Akamfuata binti wa marehemu. Akasema, "Pole, dada. Naomba kuuliza jambo moja tu, kisha niende. Mama yako alinichukia kwa nini?"

Binti hakuhitaji kuuliza wewe ni nani. Alimshika mkono, akampeleka ndani, akamwambia yote. Kwamba hakusoma. Kwamba alisoma baada ya miaka miwili. Kwamba alimtafuta tangu hapo, miaka kumi na sita.

Juzi nilimtembelea mwanamke huyu. Ni fundi cherehani. Chumba kimoja cha kupanda ngazi chache, kinachotazama barabara, cherehani mbili, vipande vya kitambaa sakafuni, na nyuma pazia linalotenga sehemu ya kupimia nguo. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye cherehani, akawa anaongea huku anaweka uzi, ili asinitazame, nadhani.

"Miaka yote hiyo nilijua kitu kimoja," alisema. "Nilijua kwamba nilimwambia mtu siri yangu, akanijibu kwa kufunga mlango. Kila asubuhi, bam. Nikasema moyoni, sawa, nimeelewa. Sikumwambia tena mtu yeyote shida yangu. Mume wangu ananiuliza, una nini? Sina kitu. Watoto wananiuliza, Mama unalia? Hapana, vitunguu. Mpaka wamezoea, hawaniulizi."

Nikamuuliza kama aliwahi kumwona tena mwalimu.

Uzi ukamponyoka. Akauacha.

"Mara nyingi. Mji wenyewe huu una barabara ngapi? Nikimwona mbali, navuka upande wa pili. Halafu mwaka jana alikuja hapa. Hapa hapa. Alikuwa amekonda, ana sketi anataka ipunguzwe kiunoni. Nilimtambua kwa sauti kabla hajaingia, akimweleza jirani hapo nje habari ya sketi hiyo. Nikakimbilia nyuma ya pazia. Akaita, 'Hodi, fundi yupo?' Mimi nikabana pua, nikasema, 'Fundi hayupo!' Akasema, 'Haya, asante, nitarudi.' Nikamsikia anashuka ngazi taratibu, moja, anapumzika, ya pili, anapumzika. Nikacheka kule nyuma. Wallahi nilicheka. Nikasema, leo na wewe umekuta mlango."

Hakurudi. Mwezi ule ule alianza kuugua kitandani.

"Hatua mbili tu," fundi aliniambia. "Kutoka pale aliposimama mpaka hapa nilipojificha ni hatua mbili. Nimezipima."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa binti wa marehemu na familia nzima, kwa walimu wenzake, kwa wanafunzi wake wa miaka thelathini na minne, mafundi umeme, wauguzi, wapishi, wote mnaoandika ripoti zinazoeleweka kwa sababu yake. Na pole kwako, fundi. Wewe pia umefiwa, hata kama hukuketi na wafiwa.

Nawaomba jambo moja leo. Huenda yuko mtu uliyemhesabia jibu ambalo hakuwahi kukupa. Hukumuuliza, ulifungiwa mlango ukahitimisha mwenyewe. Muulize angali anaweza kujibu. Na kama wewe ndiye unayefurahia kudhaniwa unajua, na hujui, waambie. Utaonekana mdogo kidogo, yataisha. Mimi nilipotoka kwa fundi nilimpigia simu kaka yangu. Hatujaongea miaka sita. Hakupokea. Nitapiga tena nikitoka studio.

Fundi ameniomba nilifikishe neno moja hewani, kwa sababu hana tena pa kulipeleka. Aliliandika mwenyewe kwenye karatasi, kwa ule mwandiko wake mzuri, ni neno fupi, na nalisoma kama lilivyo.

"Mwalimu, fundi alikuwepo."