Bi Zaida Buanali, Aliyelirudisha Jina la Nankunda

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ndugu, majirani, nanyi mliotoka Namoto na visiwani, ahsanteni kwa kuja kumsindikiza shangazi yetu. Mimi ni Abudo, mwana wa mdogo wake, Fauzi. Baba yangu ameketi hapo mbele, na yote nitakayosoma ameyaridhia.

Marehemu Bi Zaida Buanali alizaliwa tarehe 3 Novemba 1953 katika kijiji hiki hiki. Cédula yake, yaani cheti cha kuzaliwa, hata hivyo inasema alizaliwa Palmar Esperança, maana Mreno mwenye shamba la minazi alikuwa amekiita kijiji kwa jina la shamba lake. Cheti cha ndoa kinasema aliolewa Aldeia Unidade, jina tulilopewa baada ya uhuru. Leo tunamzika Kwa Nankunda. Asiyemjua angedhani alikuwa mtu wa kuhamahama, kumbe mji ndio uliokuwa ukibadilishwa jina, yeye ametulia barazani kwake. Vita tu ndivyo vilivyomtoa: mwaka 2021 alikimbilia Pemba, akarudi 2023 na sufuria zake zote.

Kurani aliisoma kwa baba yake, Mzee Buanali, akahitimu mapema. Shule ya serikali aliikuta ukubwani, mwaka 1978, katika darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Mwalimu wake, marehemu Joaquim, alipenda kusimulia kwamba siku moja alimwambia aandike ubaoni, "Zaida ana ng'ombe." Bi Zaida aliweka chaki chini, akasema hana.

Aliolewa tarehe 9 Mei 1976 na Suleimane, fundi cherehani, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009. Suleimane alikuwa mpole, mkewe hakuwa mpole hata kidogo, na walifaana sana. Kwa miaka mingi Bi Zaida alinunua samaki wakavu visiwani, Rongui na Macaloe, akawauza Namoto. Hakuwahi kumwita samaki wa mwezi uliopita samaki wa juzi, na wateja hawakumkimbia.

Lakini mengi mnayomkumbukia ni ya mwezi Mei 2024, na siwezi kuyaruka. Chefe wa localidade, mkuu wa serikali wa eneo letu, Dona Márcia, alituita wote shuleni. Placa, kibao cha jina la kijiji, ilitakiwa isimamishwe barabarani, na wanakijiji wachague jina la kudumu. Huku kwetu mji hubeba jina la aliyefyeka pori kwanza, na ukoo wake ndio wenye mji, wanaoombwa ruhusa kabla ya jambo lolote kubwa la ardhi. Ukoo wetu ulikwenda kifua mbele. Baba alisimama, akapendekeza "Kwa Ussumane", jina la babu yao, aliyekuja kutoka kisiwani. Watu walipiga makofi.

Ndipo Bi Zaida aliposimama.

"Sahani ya kwanza ya Idi," aliuliza, "kabla hatujala sisi, inakwenda nyumba gani?"

Kila mtu alijua. Ilikuwa ikienda kwa Sebastião, Mmakonde, Mkristo wa nyumba ya mwisho, ambaye ukoo wake tumeuita "wageni" tangu tupate akili.

"Ni sadaka tu, dada," baba alijibu.

"Sadaka hupewa asiye nacho, Fauzi. Mwaka wa njaa wao walikuwa na mahindi, sisi hatuna, na mama akapeleka vile vile. Sababu aliniambia. Babu Ussumane alishuka hapa anaumwa homa, hana hata jembe. Nankunda, bibi yake Sebastião, alikuwa ameshafyeka. Alimpa pa kujenga na mihogo ya kupanda. Sahani ile ni heshima ya mwenye mji. Wageni ni sisi."

"Dada, unatuvua nguo mbele za watu!"

"Nguo yenyewe tuliazima, mdogo wangu."

Dona Márcia alimtazama. "Mamã, una hakika? Wenye mji watakuwa wao, siyo nyinyi tena."

"Ndiyo maana nasema kabla hamjapaka rangi."

Verónica, mke wa Sebastião, alijifunika kanga usoni akalia. Jina la Nankunda likapita. Baba naye akaacha kukanyaga uani kwa dada yake, na wengi wa ukoo tukamnunia. Kila asubuhi Bi Zaida alimsalimia kwa sauti juu ya ua, "Fauzi, umeamkaje?" Baba akinyamaza, alijijibu mwenyewe kwa sauti nzito ya kiume, "Salama, dada. Shikamoo." Kisha akajiitikia, "Marahaba." Wajukuu walicheka. Yeye akiingia ndani alikuwa hacheki. Alimpenda sana mdogo wake, lakini jina lile hakulijutia hata siku moja.

Presha ilimsumbua muda mrefu, na mwezi Juni mwaka huu alipooza upande mmoja. Alitibiwa Palma, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Baba alikwenda kwake Jumatano, akakuta hawezi tena kusema. Alikaa amemshika mkono hadi Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025, baada ya alasiri, roho ilipotoka. Bi Zaida alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Kaburi nalo halichimbwi kabla mwenye mji hajaombwa. Vijana walijitolea kwenda, baba akawakatalia. Asubuhi hii alikwenda mwenyewe kwa Sebastião, akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Naomba mahali pa kumlaza dada yangu."

Sebastião aliona haya. "Mzee Fauzi, wewe huna haja ya kuomba."

"Ninayo. Niache niombe."

Wakaenda pamoja kuchagua mahali.

Nilipomaliza kuandika karatasi hii nilimsomea baba. Orodha ya waliobaki nilikuwa nimeianza na sisi. Alichukua kalamu akaifuta, akaniambia niipange upya, nami naisoma alivyotaka.

Bi Zaida ameacha wenye mji wake, Sebastião na Verónica, na ukoo wote wa Nankunda. Ameacha watoto wake, Nafisa na Ussumane, wajukuu, na sisi watoto wa ndugu. Na ameacha mdogo wake, Fauzi, aliyeomba aandikwe wa mwisho.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na ardhi ya Nankunda impokee kwa amani.