Abaka Ililala Ndani

Sikilizeni wanangu. Amado, zima hiyo redio, na simu ya dada yako iweke hapa karibu na mto, ili Ludivina huko Kuwait asikie kwa masikio yake mwenyewe, asije akasimuliwa na Crisanto kwa namna ya Crisanto. Najua, Ludivina, huko ni saa ya kazi na mwajiri wako atanuna. Mwambie mama yako anakufa, ni neno ambalo hutalazimika kumwambia tena. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubishana, kwa hiyo nyamazeni mpaka nimalize.

Nyumba hii ni ya Amado, kwa kuwa ndiye aliyebaki kuziba bati zake kila kimbunga kilipopita. Cherehani na hereni zangu ni za Ludivina. Yule nguruwe jike achinjwe kwenye matanga yangu, na msibakize hata masikio, maana majirani zetu wamekula viazi vitamu vya kutosha mwaka huu. Limebaki shamba la abaka la Hinipaan, kule mlimani, na hilo ndilo lililomtoa Crisanto Manila akaja na mfuko wa zabibu, yeye ambaye Krismasi tatu hakuonekana. Usiiname, Crisanto. Sijafika kwako bado.

Kwanza niwaambie mnarithi nini, maana mmekaa mbali mpaka mkasahau. Alipokuja yule msichana wa sensa, alikaa pale kwenye benchi akaniuliza wanaoishi humu ni wangapi, nami nikakutajeni nyote pamoja na watoto wenu. Akatabasamu kwa adabu. “Nanay,” akaniita kama mama yake, “nahesabu wanaolala humu, siyo wanaotuma hela.” Nikamwambia basi andika wawili, mimi na Amado, kisha nenda nyumba ya pili ukaandike bibi mmoja na mbwa wake. Tulicheka pamoja, lakini alipoondoka nililia, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kisiwa hiki chetu cha Catanduanes kinatoa vitu viwili, abaka na watu, na vyote viwili hupelekwa melini na bei yake hupangwa na mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wetu hata siku moja.

Abaka ni mgomba usiokupa ndizi. Hukupa shina, na shina lenyewe ulipasue, ulivute chini ya kisu, uvute tena na tena mpaka mgongo ulie, ndipo upate nyuzi za kuanika. Baba yenu Hermogenes alikuwa na kifua kipana upande mmoja kuliko mwingine kwa ajili ya kuvuta huko. Na ukishazianika na kuzifunga, unazishusha kwa Gorgonio mnunuzi, ambaye huzipitisha vidoleni hivi, taratibu, akasema zina unyevu, hata kama hazijaona mvua tangu zikatwe, akakata bei. Unyevu ndio uliomjengea ghorofa.

Mnajua kwa nini hatukumuuzia mtu mwingine? Kwa sababu hapa kwetu mnunuzi hakatai ubatizo wowote. Mtoto wa mkulima akizaliwa, yeye huyo kanisani na shati jeupe, amemshika mtoto, amekuwa baba yake wa ubatizo, na baba mzazi amekuwa kumpare wake. Tangu siku hiyo nani atakuwa na uso wa kupita mbele ya ghala la kumpare wake na mzigo mabegani, akauze kwingine? Baba yenu alifurahi siku ile Gorgonio alipomshika Crisanto majini. Alikunywa hadi akaimba. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo hiyo tuliivaa wenyewe, tukaenda nayo kanisani.

Sasa sikilizeni habari ya kile kimbunga, nami nitaisema yote, maana mlikuwa wadogo, na Amado alikuwa tumboni. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza, upepo umekwisha kugeuka, watu wote wa bondeni tunakimbilia shule. Gorgonio akatuma mtu kumwita baba yenu na wenzake, kwamba mizigo ya abaka iliyo nje chini ya turubai itanyeshewa, waje waiingize ghalani. Nilimshika mkono nikamwambia asiende. Akaniambia mtu hamkatalii kumpare wake siku ya shida. Akaenda.

Lile ghala mnalijua. Ni la zege, kuta zake nene, vimbunga vyote vimelipita na bado lipo. Wakabeba mizigo mpaka ukaingia wa mwisho, na yule wa mwisho ulipoingia mlango ukafungwa, Gorgonio yumo ndani pamoja na abaka yake, wabebaji wako nje. Basilio, aliyenusurika kwa kujifunga kwenye nguzo kwa kamba ya abaka hiyohiyo, ndiye aliyenisimulia, na Basilio hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Baba yenu aligonga kwa viganja, akaita kumpare, kumpare, tufungulie. Na sauti ikajibu kutoka ndani, tena kwa upole, “Kumpare, nikifungua mlango mvua itaingia kwenye abaka.”

Kwa hiyo akajaribu kuvuka barabara aje kwangu pale shuleni. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona amefika katikati, ameinama, na bati likaja kutoka upande wa soko, na sitawaeleza zaidi ya hapo. Kulipokucha abaka ilikuwa kavu. Ililala ndani, na mume wangu alilala njiani.

Hakuna polisi aliyekuja kuuliza, maana kimbunga hakishitakiwi. Gorgonio alilia kwenye matanga kuliko mimi, na jeneza akalinunua yeye, jeneza zuri lenye kioo. Basi nikafanya kile ambacho mama zetu hufanya pale mtu anapouawa: nikachukua kifaranga nikamweka juu ya kioo cha jeneza, nikammwagia punje za mchele, ili kila anapodonoa, adonoe moyo wa muuaji mpaka usiku wake usiwe na usingizi. Kaka yangu akaja haraka, akamshika kifaranga akamtoa nje, akaninong'oneza kwamba nitamwaibisha mtu aliyenunua jeneza, na kwamba kifaranga ni wa waliouawa, na mume wangu ameuawa na upepo. Gorgonio alikuwa benchi la mbele. Aliona kifaranga anawekwa, na aliona anaondolewa, na nikamwona anashusha pumzi. Pumzi hiyo ndiyo niliyoishi nayo. Wanasema subira yavuta heri. Yangu haikuvuta heri yoyote, imevuta siku hii, na siku hii inanitosha.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Crisanto, sasa ni zamu yako. Nimeliona gunia la mchele jikoni, na najua limetoka kwa nani. Najua baba yako wa ubatizo amekuita kwake, akakukalisha sebuleni, akakwambia wanawe wanataka Hinipaan wajenge nyumba za wageni hawa wanaokuja kuteleza juu ya mawimbi, kwa kuwa kule juu bahari yote inaonekana. Amekwambia mama ni mzee, abaka haina faida, watu wenyewe wamekwisha kuhama. Hapo hakusema uongo, mwanangu. Lakini nani aliyewahamisha? Watoto wa wabebaji wale wote wako Manila, wako Arabuni, kwa sababu baba zao walivuta nyuzi na unyevu ukazila. Sasa kisiwa kikishakuwa kitupu, anataka na kile kitupu. Gunia hilo lirudishwe leo, kabla ya jua kuchwa, na lisifunguliwe.

Shamba la Hinipaan nalitoa kwa Crisanto. Ndiyo, Ludivina, nimesikia ulivyovuta pumzi; tulia. Nalitoa kwake kwa sharti moja, na Amado ni shahidi, na wewe ni shahidi. Gorgonio atakuja kwenye matanga yangu. Atakuja na shada kubwa kuliko yote, na fimbo yake, na wanawe wamemshika huku na huku. Msimtukane. Mtu asimguse. Mpeni benchi la mbele, mpeni kahawa, mpeni mnofu mzuri wa nguruwe. Kisha wewe, Crisanto, uliyeshikwa naye majini, wewe kwa mikono yako, utamweka kifaranga juu ya kioo changu, mbele ya macho yake, na utammwagia mchele. Watu watasema huyu bibi kafa kwa mapafu, nani kamuua? Mtawaacha waulize. Kila mtu mwenye umri wangu katika bonde hili atageuka kumtazama, na hakuna kaka yangu tena wa kumtoa kifaranga. Akae hapo mpaka jeneza lifungwe. Mtenda akitendwa hudhani kaonewa. Mwacheni adhani hivyo.

Ukishindwa, shamba ni la Amado, na wewe urudi Manila na zabibu zako.

Na abaka msiiuze kwake tena. Amado, ungana na wale wa chama cha wakulima kule chini, hata kama bei yao ni ileile. Hata ikiwa ndogo zaidi. Nizikeni upande wa baba yenu... nguo ile ya bluu. Mlango wa nyumba hii... watu wakiugonga kwenye mvua, fungueni. Sina la kuwaachia kubwa kuliko hilo.

Njooni sasa mchukue baraka. Amado, lete paji lako kwenye mkono wangu... hivyo. Mungu akutunze, na mgongo wako. Ludivina, zamu yako; Amado, iweke hiyo simu mkononi mwangu... haya. Mungu akurudishe nyumbani, mwanangu, ungali na nguvu.

Crisanto, wewe bado. Ondoa paji lako hapo. Nenda kwanza bandani nyuma, kuna kuku mweusi ana vifaranga... chagua mmoja, mwenye sauti. Nenda. Nitakungoja, nimeshangoja zaidi ya hapo.

Amado, ameenda? Ameenda kweli, au amesimama mlangoni?

...

Nani analia hivyo? Mlete karibu... mlete hapa kifuani. Ana moto, kifaranga mdogo hivi. Mshike vizuri, Crisanto. Usimwachie.

Haya. Sasa lete paji lako.