Mzee Mbano na Themostati ya Korido ya Juu

Baada ya miaka ishirini na mitano ya kututengenezea kila kinachowaka, kinachozimika na kinachovuja katika nyumba hii ya wazee hapa Morningside, Durban, Mzee Dominiki Mbano anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998. Mimi Sia wa mapokezi nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu iko karibu na karakana yake, na kwa sababu, wanavyodai wenzangu, ninapenda kusema. Yote mawili ni kweli.

Mzee Mbano ni mzaliwa wa Songea. Aliletwa Afrika Kusini akiwa kijana kwa mkataba wa migodi ya dhahabu, na wenzake waliporudi nyumbani yeye aliteremka Durban. Wangoni wa kwao walitoka huku zamani sana, kwa hiyo Mzulu akimwita mgeni humjibu kwamba yeye hakuja, amerudi. Kazi ya umeme aliijua kwa kumshikia fundi mwingine ngazi na kumtazama mikono. Alipoajiriwa hapa mwaka 1973, sheria za wakati ule zilitaka aitwe kibarua, ingawa nyaya zote za nyumba zilipita mikononi mwake. Cheo cha fundi umeme kilimfika akiwa na mvi. Siku hiyo alivaa tai juu ya ovaroli, na tai yenyewe nusura ikamatwe na mkanda wa mashine ya kufulia.

Ana desturi moja ambayo haivunji. Kabla ya kugusa waya huzima swichi kuu, hung'oa fyuzi na kuitia mfuko wa shati, mtu asije akawasha kwa bahati mbaya. Jumamosi moja aliishiwa skrubu, akapanda teksi hadi Isipingo kuzitafuta, fyuzi ya jikoni ikiwa bado mfukoni. Kuku wa wazee walibaki nusu wabichi mpaka aliporudi. Mpishi wetu, Gustave, hajalisahau jambo hilo, na sidhani kama ana mpango wa kulisahau.

Lakini sherehe hii ya kumuaga nusura isiwepo, na hapo ndipo penye habari.

Mwezi wa Mei ilikufa themostati ya korido ya juu, kile kifaa cha ukutani kinachopima joto na kuwasha au kuzima hita za vyumbani. Mzee Mbano akanunua mpya, nyeupe, inayong'aa. Nyaya za ukutani zilikuwa zimechakaa hadi zote zikawa na rangi moja ya vumbi. Kwa hiyo kabla ya kulegeza skrubu yoyote alifunga kila waya uzi wa rangi yake, nyuzi alizoazima kwa Mama Marcelline wa chumba cha kufulia. Kisha akautoa waya mmoja mmoja kwenye kifaa cha zamani na kuuingiza mahali pake kwenye kipya, bila haraka. Aliporudisha fyuzi tulisikia mlio mdogo, tak, na hita zikaanza kupata moto. Mama Marcelline alipiga makofi.

Kesho yake vyumba vilikuwa baridi. Watu hudhani Durban haina baridi. Waje walale hapa kilimani mwezi wa Juni wakiwa na miaka themanini. Bi Pillay, mwalimu mstaafu, alikuwa akinywa chai ya asubuhi amevaa koti na kofia. Mzee Mbano akipanda kupima, kifaa kinafanya kazi vizuri kabisa. Akishuka tu, hita zinazimika mapema na baridi inarudi. Alizifungua na kuzifunga nyaya zile mpaka tukaanza kumwonea huruma.

Jambo hilo lilimvunja moyo. Aliacha utani. Siku moja akasimama mbele ya meza yangu akasema, "Sia, mikono imekwisha. Waite watu wa kampuni, na hiyo sherehe muifute. Nitaagwaje na watu ninaowaacha kwenye baridi?" Alipotoka nililia, na sioni haya kuliandika. Mtu ameilea nyumba robo karne, halafu aondoke kwa mlango wa nyuma kama mdeni!

Wiki iliyofuata alisahau funguo zake. Ni rundo kubwa linalolia kiunoni, nyumba nzima hujua yuko wapi. Siku hiyo alipanda kimya, akaikuta themostati imevalishwa kitambaa. Kitambaa cheupe cha kufuma, kina bitana na maua pembeni, kimeifunika pande zote.

Mama Marcelline akatokea na ndoo, akaduwaa. Kwao Bukavu kitu kizuri cha nyumbani hakiachwi wazi: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, viti vina vyao. Hiki alikifuma kwa heshima ya kazi ya Mzee, na kila aliposikia funguo zikipanda ngazi alikiondoa upesi ili fundi akute pako wazi. Huko chini ya kitambaa themostati ilijipasha moto yenyewe, ikadhani korido nzima ina joto, ikazima hita.

"Mzee, pardon," alisema. "Kitu ya mupya namna hii, niiache uchi? Vumbi iko inaingia!"

Sisi tuliokuwa chini tulisikia kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Mei. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, na Mama Marcelline akacheka naye huku akifuta machozi. Hakumkaripia. Alimwambia kitambaa ni kizuri mno kukaa koridoni, kikae juu ya redio ya ukumbini, na ndiko kiliko sasa. Kesho yake Bi Pillay alishuka kunywa chai bila koti, akaomba dirisha lifunguliwe kidogo.

Mzee Mbano, asante kwa kila taa uliyoiwasha na kila mzaha uliotupunguzia mzigo. Tutakukosa sana. Tunakuombea safari njema hadi Songea, afya, na usingizi wa mtu asiyeamshwa kwa ajili ya fyuzi. Najua ungependa kuhakikisha kwanza, kwa hiyo leo asubuhi nimepita mwenyewe korido ya juu, nikagusa hita ya kila chumba. Zina moto, Mzee. Sasa kubali tukuage.