Kuku Aliyerudi Nyumbani

Ndani ya tuktuk ya kutoka Kware, Opicho alikuwa amepakata spika yake huku mama mmoja akimsimulia abiria mwenzake harusi ya Jericho.

"Nyanya yetu alikuwa anawapelekea maharusi kuku, akicheza. DJ akakata wimbo, eti keki inachelewa. Sasa zawadi itatembea bila wimbo?"

"Akafanyaje?"

"Alisimama pale katikati ya watu, akangoja. Mwishowe akarudi nyumbani na kuku wake."

"Hayo ni makosa ya MC."

"MC ndiye hubonyeza mashine?"

Opicho aliona abiria yule ana akili sana. Akaliziba kwa kiganja jina lake lililoandikwa kwenye spika.

Tuktuk iliposimama Pipeline, mama alimsaidia Opicho kuishusha spika.

"DJ," alisema, "yule kuku sasa anataga. Nyanya bado anangoja wimbo."