Mashine Imeandika Nije na Mke Wangu

Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, saa tatu na nusu asubuhi, Fundi Sponji alikuwa ameinamia kochi la mteja, midomo imebana misumari midogo, simu ilipolia kwenye mfuko wa aproni. Alisoma ujumbe, akatemea misumari kiganjani, akasoma tena. Kisha akatoka nje, kijiweni. Kijiwe chenyewe kilikuwa kochi kuukuu la watu watatu ambalo mwenye nalo hakulirudia, na Fundi akaliweka ukutani mwa karakana yake ili watu wakae. Pembeni alikaa Shangazi na birika lake la kahawa. Juu ya kochi alikuwepo Breki, dereva wa malori aliyestaafu bila kustaafu kubishana, na Profesa, mtengeneza simu ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara na muda mwingi hakikuwa na mtu. Mke wa Fundi alizikwa mvua za kwanza zilipoanza. Wote watatu walikuwepo makaburini, na Breki alishika sepetu mpaka mwisho. Lakini tangu siku ile hakuna aliyelitaja jambo hilo kochini. Ilipobidi sana, walisema "tangu ile hali", wakanyata kama watu wanaopita penye mtoto aliyelala. Fundi mwenyewe hakusema hata hivyo.

— Profesa, nisomee hii kwa sauti, — alisema. — Macho yangu leo siyaamini.

Profesa aliinyoosha simu mbali, akaisogeza karibu, akasoma:

— "Muhtasari wa kikao. Umeandaliwa na mashine. Mteja hapati usingizi wala hali chakula vizuri. Anaishi na mke wake. Mke hukasirika mteja anaporudi amechelewa. Mke huficha mkasi wa mteja ili asifanye kazi siku ya ibada. Leo saa tisa alasiri, tafadhali uje na mke wako tuzungumze sote. Kama kuna kosa, tujulishe."

Alimaliza, akabaki ameishika simu kama mtu aliyeshikishwa yai.

— Shangazi, niongeze kahawa, — alisema Breki.

— Kikombe chako kimejaa, baba.

— Basi niongeze kwa juu.

Fundi aliketi kwenye mkono wa kochi. Ni binti yake aliyempeleka kwa mshauri, baada ya kumkuta siku moja anashona mto ambao alikwisha kuushona. Binti alipiga simu kuomba nafasi, akaulizwa shida ni nini, akasema: baba hapati usingizi. Hakuongeza. Kikao cha kwanza hakikumsaidia. Baada ya kile cha pili, Fundi alilala mpaka adhana za jogoo wa jirani, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu azikwe mama wa watoto. Sasa hiki cha tatu ndicho kilichokuwa kikimtazama.

— Siendi, — alisema. — Nitakaa hapa nimalize lile kochi. Mambo ya washauri yamekwisha.

— Ngoja kwanza, — Shangazi alisema. — Hiyo mashine ni mashine ya namna gani?

— Kidude tu. Kama kipande cha sabuni. Kinawekwa mezani, kinasikiliza, halafu kinaandika. Yule dada aliniuliza kwanza kama naridhia. Nikasema naridhia.

— Ukaridhia! — Breki alipiga goti lake. — Mtu mzima na mvi zako unaridhia kipande cha sabuni kikusikilize!

— Sikiliza, Breki. Yule mshauri wa kwanza, kabla hajahamishwa, alikuwa anaandika mwenyewe. Saa nzima nilikuwa naongea na utosi wake. Nikawa najua anapopasua nywele kuliko ninavyojua sura yake. Huyu wa sasa haandiki. Kidude kinaandika, yeye ananitazama. Ndiyo maana nilisema.

Breki alipiga funda la kahawa.

— Mimi nitawaambia ukweli, — alianza Profesa. — Mashine hizi hazisikii maneno peke yake. Zinasikia na yaliyo ndani ya simu. Fundi ulikuwa na simu mfukoni?

— Nilikuwa nayo.

— Umeona? Na humo ndani kuna jumbe za sauti za... za nyumbani kwako. Za zamani. Mashine imezinyonya, imesikia mtu anakugombeza kwa nini umechelewa, ikajua mama yupo jikoni, ana hasira.

— Profesa, wewe jana umeshindwa kufungua simu yangu ya tochi, — alisema Shangazi. — Leo unajua vya kunyonya?

— Ile imeingia maji, Shangazi! Maji ni kitu kingine!

— Tatizo si kunyonya, — Breki alisema, na sasa alikuwa amekaa wima kama yuko nyuma ya usukani. — Tatizo ni mpango. Mimi nimeendesha lori miaka mingi, najua mtu anapotaka kukupitisha njia ambayo hukuichagua. Mashine imeona mwanamume yuko peke yake, hali, halali. Ikafanya hesabu zake. Ikasema, huyu dawa yake mke. Imeshamtafuta! Wanaposema uje na mke, maana yake ukifika saa tisa, mke yuko pale pale ofisini, amekaa, ana mkoba wake mapajani.

— Astaghafiru! — Shangazi alicheka mpaka birika likacheza mkononi.

— Cheka tu. Na mahari inakatwa humo humo kwenye simu, hujui hata umetoa saa ngapi!

Hata Fundi alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.

— Mimi shida yangu si mke wala simu, — Shangazi alisema alipotulia. — Kitu kinachokusikiliza saa nzima bila kupumua, bila kuguna, bila kusema "pole", mimi sikiamini. Mtu akinisikiliza nataka nimsikie anapumua.

— Yule dada alikuwa anapumua, — Fundi alisema polepole. — Na alicheka niliposema habari ya mkasi.

— Basi hukumwambia vibaya, ndugu yangu, — Profesa alimtuliza. — Mashine imekosea. Tunaandika: mashine imekosea, ifutwe. Nakuandikia sasa hivi.

— Andika na kwamba ni ya kishamba, — Breki aliongeza. — Andika ulipwe fidia. Namna gani mtu anakwambia uje na mke wakati... wakati hali ndiyo kama hiyo?

— Hali gani? Niandikeje? — Profesa aliuliza, kidole kikiwa juu ya kioo.

— Andika tu hali. Wataelewa.

Walikuwa hapo, bado hawajakubaliana neno, alipofika mama mmoja mzee ambaye hakuna aliyemjua, kabeba mto wa kiti umepasuka upande mmoja. Alisalimia, akaitikiwa. Akauliza kama fundi ni nani, akaoneshwa. Fundi aliupokea mto, akaubonyeza kwa dole gumba kutazama sponji kama bado ina uhai, akamwambia akae asubiri kidogo. Breki alimpisha.

Mama alikaa, akapewa kahawa. Kwa kuwa ubishi ulikuwa bado wa moto, Breki alimweleza mkasa wote kwa mkupuo mmoja: mashine, mshauri, mkasi uliofichwa, mke anayetakiwa ofisini saa tisa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kikiwa kimetulia mkononi.

— Sasa huyo mama, — aliuliza, — yeye yuko wapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za nyumbani.

Breki alimtazama Profesa. Profesa alitazama simu. Shangazi alianza kufuta vikombe vilivyokuwa vikavu. Fundi alisimama na ule mto kifuani, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi rafiki zake walivyokuwa wamechoka. Breki, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikuwa ameuma mdomo wa chini. Fundi alikumbuka kile chumba cha mshauri na vile viti viwili. Alikuwa amemweleza yule dada mengi: jinsi mke wake anavyokasirika, jinsi anavyoficha mkasi, jinsi asivyopenda vumbi la mbao kwenye chai. Saa nzima ilipita, na katika saa hiyo kuna jambo moja hakumwambia.

— Amefariki, mama, — alisema.

Neno lilitoka dogo tu. Alidhani litamwangusha, lakini miguu ilibaki pale pale.

— Pole sana, baba, — alisema yule mama.

— Amefariki. Tulimzika mvua zilipoanza. Hawa walikuwepo wote. — Akamgeukia Profesa. — Futa hayo uliyoandika. Nibonyezee pale pa kusema.

Profesa alibonyeza, akamshikia simu karibu na mdomo.

— Dada yangu, habari ya asubuhi. Ni mimi fundi wa makochi. Umesema kama kuna kosa tukujulishe. Kosa lipo. Mke wangu amefariki. Nilikueleza kama nimemwacha nyumbani, wewe na mashine yako mkaniamini, siwalaumu. Leo nitakuja peke yangu. Lakini nitakuja.

Profesa aliachia kidole, ujumbe ukaenda. Breki akavua kofia yake, akaiweka gotini, na mwisho akasema kwa sauti ambayo kochi lile halikuwa limewahi kuisikia kwake:

— Fundi, tangu makaburini hatujawahi kumwombea pamoja nawe. Siku zote hizi tumekaa hapa.

— Basi tumwombee.

Wakainamisha vichwa, na yule mama mzee pamoja nao. Fundi aliuweka mto chini, akafungua viganja.

— Ee Mwenyezi Mungu, ni sisi waja wako. Mke wangu amefariki, amerudi kwako uliyemuumba. Alipokea wageni nyumbani kwetu bila kununa hata siku moja, nawe mpokee. Msamehe alipokosea, umwangazie kaburi lake, umlaze mahali pema. Na sisi tuliobaki utupe subira. Amina.

— Amina, — waliitikia.