Awinja Amefutwa, Mkubwa Yuko Semina

Miaka hiyo miwa ilikuwa na pesa, na trekta zilipita Matungu tangu asubuhi zikidondosha mabua barabarani. Benchi la Roda, muuza kahawa, lilikuwa na wenyewe: Osundwa, mkata miwa tuliyemwita Molasi, na Sifuna, fundi wa baiskeli, jina lake Wakili kwa kupenda ubishi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Awinja, aliyewapikia uji watoto wa wakata miwa katika shirika la msaada ng'ambo ya barabara, alikuwa amefutwa kazi.

— Kosa gani? Wakili aliuliza.

— Kuomba, Molasi akajibu. Ana mtoto mchanga. Aliomba aingie saa tatu, akishanyonyesha, halafu jioni achelewe kutoka. Masaa ni yaleyale! Bwana Phanuel, mkubwa wao, akamwambia shirika si jikoni kwa mama yake. Jana amechelewa, karani akampea barua.

— Na Phanuel mwenyewe?

— Kisumu, hotelini. Semina.

— Ya nini?

— Ya kusaidia akina mama wanaonyonyesha.

Wakili alitema kahawa.

— Kila mwezi wanaendanga! Mpishi amepelekwa kufunzwa lini?

— Afunzwe nini? Huko wanafunzwa kumaliza ingokho, kuku mzima, bila kupumua.

— Halafu wanapimwa tumbo! Likikata mkanda, umepata cheti.

— Na wafadhili wanatumiwa picha ya Awinja akikoroga uji. Utaona, hata mtoto wake ataandikwa yatima!

— Wahenga walisema, Wakili akanguruma, mchumia juani hulia kivulini. Si huyo? Amechuma juani, sasa analia kivulini!

— Phanuel akirudi, tumtoe ofisini na kiti chake!

— Tumbebe mpaka mtoni!

Awinja alitokea upande wa kwa kinyozi, mtoto mgongoni, macho mekundu. Walimpisha. Hakukaa.

— Wazee, nimewasikia tangu kule. Asanteni. Bwana Phanuel amerudi sasa hivi, yuko ofisini. Nataka kumwambia anirudishe kazini. Nani ananisindikiza?

Molasi aliangalia ndani ya kikombe chake. Wakili akasema kuna baiskeli ya mwalimu inamngoja. Trekta ikapita na kelele zake.

Roda akafunika birika. Akajifunga leso kiunoni, akampokea Awinja mtoto.

— Twende, dada. Kahawa imeisha.

— Imeisha wapi? Molasi alisema. Birika si limejaa?

— Kwenu imeisha.